Nenda Kwanza Ukakataliwe

Ipo nchi iitwayo Subirini, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa maana idara ya ramani bado inalishughulikia jambo hilo. Ni nchi ya watu wapole. Upole wao umefika mahali ambapo hakuna mtumishi wa serikali aliyewahi kumwambia mwananchi neno "hapana". Neno lenyewe limo katika kamusi, watoto hufundishwa kuliandika, na akina mama hulitumia jikoni kutwa nzima. Lakini ndani ya ofisi ya umma halijapata kusikika tangu uhuru. Anayetaka kazi serikalini hupelekwa kwanza Chuo cha Majibu, na huko hufundwa kama mwari: sema linashughulikiwa, sema wazo zuri sana hilo, sema tumelipokea kwa mikono miwili. Mwanafunzi ambaye ulimi wake unateleza siku ya mtihani akasema "haiwezekani" hurudishwa kwao akalime.

Kwa hiyo zahanati ya kata ya Kichakani ilipokamilika, ikakaa bila kufunguliwa mpaka popo wakahamia darini, hapakuwa na mtu yeyote aliyesema kwamba haitafunguliwa.

Ilikuwa zahanati nzuri, tusiseme uongo. Kuta nyeupe, bati la bluu, chumba cha kujifungulia chenye kitanda kilichokuwa bado kimevaa nailoni yake ya dukani. Dawa zilikuwa ndani, zikisubiri. Nesi alikwishaletwa. Aliitwa Siwema, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na kila asubuhi alivaa gauni lake jeupe akaja kukaa barazani, akiutazama mlango. Mlangoni palikuwa na kufuli, na mbele ya kufuli utepe mwekundu uliovutwa kutoka nguzo hadi nguzo. Utepe huo ulikuwa unamsubiri Mtukufu Kiongozi aje aukate. Mtukufu alikuwa na tepe nyingi za kukata nchi nzima, na inasemekana mkasi ni mmoja. Jua lilipoufubaza utepe wa kwanza, serikali, ambayo hailali, ilileta mwingine. Mvua ilipouozesha huo, ukaletwa wa tatu pamoja na askari wa kuulinda, mtu mtaratibu aitwaye Lugome.

"Kaka Lugome," Siwema alimwuliza siku moja, "hapa umewekwa kulinda nini hasa?"

"Utepe, dada."

"Na akija mama mwenye uchungu?"

"Azunguke nyuma."

"Nyuma nako kuna kufuli."

Lugome aliunyoosha utepe kidogo. "Sasa hilo la kufuli," alisema, "si la utepe."

Sheria ya Afya ya Subirini haikutaja utepe popote. Ilisema, kwa sentensi iliyokuwa fupi kuliko zote katika kitabu kizima, kwamba zahanati ikishakamilika, Mkuu wa Wilaya ataifungua. Wataalamu wengi walikuwa wameisoma sentensi hiyo na kuisifu kwa ufupi wake.

Aliyeisoma kwa shida yake mwenyewe alikuwa Bi Zamaradi, mjane, msusi wa mikeka. Binti yake Mwanahawa alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza iliishia juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kwenye Mlima Nyani, katikati ya safari ya kwenda hospitali ya mkoa. Mtoto alizaliwa, lakini hakulia. Tangu siku ile Bi Zamaradi hakupenda kuutazama mlima ule, na alikuwa ameweka nadhiri moja tu moyoni: huyu wa pili hatazaliwa mlimani. Hakuwa mwanamke wa ugomvi. Alijifunga kanga, akaenda kwa Mkuu wa Wilaya.

*

Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Buheri, alimpokea kwa furaha ambayo wengine huitunza kwa ajili ya arusi. Alimkalisha kwenye kochi la mahameli, akamwita mhudumu alete chai.

"Mama yangu," alisema, "zahanati ile ni ya nani?"

"Ya serikali, Mheshimiwa."

"Umekosea! Ni yako. Serikali hii haina kitu chake. Vyote ni vyenu."

"Nashukuru. Basi naomba ifunguliwe. Mwanangu anakaribia."

"Wazo zuri sana hilo," alisema Mheshimiwa Buheri, na akageuka kumtazama katibu wake kama mtu aliyeokota dhahabu. "Umemsikia mama? Wananchi wetu wana mawazo!"

"Ufunguo uko wapi, Mheshimiwa?"

"Ufunguo uko salama mno." Alifungua mtoto wa meza, akautoa, akauinua juu ili mama auone, akaurudisha. "Umeuona? Wako viongozi wanaopoteza funguo. Mimi sijapoteza."

"Basi utafungua lini?"

"Hapo sasa umegusa penyewe. Hilo tumelipokea kwa mikono miwili. Kunywa chai, mama, inapoa."

Bi Zamaradi alikunywa chai. Ilikuwa ya maziwa, na ilikuja na biskuti. Alipotoka nje ndipo alipogundua kwamba mikono miwili ya Mheshimiwa imelipokea jambo lake, na kwamba haukubaki hata mmoja wa kufungulia kufuli. Lakini hakumhukumu. Alijiambia huenda mtu yule ana mambo mengi. Alirudi wiki iliyofuata, akanywa chai. Akarudi tena. Mwanahawa alianza kupata shida kuinama.

*

Ni Siwema aliyemwambia kuhusu mahakama. "Kuna amri, mama. Mtumishi akikataa kufanya alichoagizwa na sheria, jaji anamwamuru afanye. Akikaidi, anafungwa."

"Mkuu wa Wilaya, afungwe?"

"Kwenye vitabu, ndiyo."

Walikwenda. Jaji Kiondo alikuwa mzee mwembamba aliyesifika kwa kutokosea, kwa kuwa alikuwa haamui mara kwa mara. Alimsikiliza Bi Zamaradi hadi mwisho, akavua miwani.

"Bibi, mahakama hii inaweza kumwamuru mtumishi wa umma atimize wajibu wake. Inaweza kabisa. Lakini amri hiyo ni nzito, hatuigawi kama njugu. Lazima tuhakikishe mambo fulani. Kwanza, je, ni sheria iliyomtwika wajibu huo, au ni matumaini yako tu?"

Bi Zamaradi aliisema ile sentensi fupi kwa kichwa. Wakili wa Serikali, aliyevaa joho jipya, alisimama. "Hatubishi, Mheshimiwa Jaji. Ni sentensi nzuri."

"Je, ulimwomba autimize?"

"Nilimwomba kwa mdomo wangu, zaidi ya mara moja."

"Hatubishi," alisema Wakili.

"Je, alikataa?"

"Hajafungua, Mheshimiwa Jaji."

"Sikuuliza kama amefungua. Nimeuliza, alikataa?"

"Alinipa chai."

"Ya rangi au ya maziwa?"

"Ya maziwa. Na biskuti."

Mahakama ilinong'ona. Wakili wa Serikali aliruka kama aliyekalia moto. "Na biskuti, Mheshimiwa Jaji! Naomba hilo lisipite. Mteja wangu anashtakiwa kwa ukarimu!"

Jaji Kiondo alimtazama Bi Zamaradi kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa asiye na ugonjwa. "Bibi, mtu aliyekupa chai ya maziwa na biskuti amekukatalia nini? Mahakama haiwezi kumwamuru mtu afanye jambo ambalo hajakataa kulifanya. Huko kutakuwa kumwonea. Nenda kwanza ukakataliwe. Ukishakataliwa, rudi. Mlango wetu uko wazi."

Na kweli mlango wa mahakama ulikuwa wazi, kwa sababu bawaba yake moja ilikatika na jambo hilo lilikuwa linashughulikiwa.

*

Wasomaji wa nchi nyingine wanaweza kudhani kwamba kukataliwa ni jambo rahisi. Wajaribu Subirini.

Bi Zamaradi alirudi kwa Mheshimiwa Buheri siku ya mvua, miguu imejaa tope, akakanyaga zulia. Mheshimiwa alilisifu tope, akasema ni dalili ya mavuno. Alirudi pamoja na Siwema, na Siwema alimwambia Mheshimiwa usoni pake kwamba ni mvivu, na kwamba kama uzembe ungekuwa unga angelisha wilaya nzima. Mheshimiwa Buheri aliinamisha kichwa kwa heshima. "Maoni kama haya ndiyo yanayotujenga," alisema, akamwongezea sukari.

"Mheshimiwa," alisema Bi Zamaradi kwa sauti yake ya chini, "sema tu kwamba hutaki. Neno moja. Sitakasirika. Utakuwa umenisaidia."

Mheshimiwa Buheri alijifuta jasho. Ilionekana kwamba anataka kumsaidia. Alifungua mdomo, midomo ikajipanga, kisha mafunzo ya chuo yakamshika koo. "Hilo nalo," alisema, "tutaliangalia."

Njiani Siwema alipiga kelele hadi kuku wakakimbia. "Mtu huyu hakatai! Ukimwomba gari lake atasema wazo zuri. Ukimwomba mkewe atasema tumelipokea!"

Bi Zamaradi aliendelea kutembea, akisuka ukili wa mkeka wake, kama mtu anayerudia mshono aliokwisha kuushona vibaya ili aone uzi ulikopotea.

*

Uchungu ulimshika Mwanahawa kabla ya wakati, asubuhi ya soko. Mkokoteni ulipatikana, Siwema akapanda na mkoba wake, na safari ya Mlima Nyani ikaanza. Barabara ya mlimani hupita mbele ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Walipofika hapo, Mwanahawa alimshika mama yake mkono kwa nguvu ya kuvunja mfupa.

"Mama, sifiki. Nakuambia sifiki."

Bi Zamaradi aliutazama mlima. Kisha akaitazama ofisi, bendera yake, mlango wake mpana ambao katika maisha yake yote haukuwahi kumkatalia mtu kuingia.

"Geuza ng'ombe," alisema.

Ndani, Mheshimiwa Buheri alikuwa katika kikao na wakuu wa idara zote, Wakili wa Serikali akiwamo, wakijadili Mkakati wa Maandalizi ya Kufungua. Mlango ulisukumwa. Aliingia Bi Zamaradi, nyuma yake Mwanahawa akiwa amemwegemea Siwema, na nyuma yao mwenye mkokoteni, ambaye alitaka tu kuona.

"Mheshimiwa," alisema Bi Zamaradi, "tunaomba mwanangu ajifungulie hapa."

Wakuu wa idara walimtazama Mheshimiwa. Uso wake ulipita rangi zote ambazo bendera haina. Mdomo ukafunguka, na neno lile lililokatazwa likaonekana waziwazi likipanda kooni kwake. Likafika kwenye meno. Hapo likakutana na miaka yote ya Chuo cha Majibu, likarudi chini.

"Wazo," alisema Mheshimiwa Buheri kwa sauti ya mtu anayezama, "zuri sana hilo, mama."

"Ahsante. Siwema, kochi."

"Tokeni!" Siwema aliwafokea wakuu wa idara. "Wewe mwenye tai, niachie chupa ya chai, nataka maji ya moto. Na hilo joho la nani? Lete."

Mkakati wa Maandalizi ya Kufungua uliahirishwa. Wakuu wa idara walisimama uani juani, wakisikia sauti ambazo hazijawahi kutoka katika ofisi ile: mwanamke anayelia kwa kazi anayoifanya, na mwanamke mwingine anayemwambia ukweli. Kabla ya adhuhuri mtoto akazaliwa juu ya kochi la mahameli. Alikuwa wa kike. Alilia kwa hasira, kwa sauti kubwa, kama aliyefika na malalamiko tayari, na Bi Zamaradi aliposikia sauti ile alikaa sakafuni akaegemeza kichwa ukutani, chini ya picha ya Mtukufu Kiongozi, akafunga macho. Walimwita mtoto Tunu.

*

Habari ilifika Kichakani kabla ya mkokoteni. Wiki hiyohiyo alikuja mama mwingine, akaomba. Mheshimiwa alilipokea kwa mikono miwili. Wakaja watatu kwa mpigo. Siwema aliona hakuna haja ya kurudi barazani kwenye utepe. Alihamishia gauni lake jeupe ofisini, akaanza kupima watoto kwenye mizani ya posta. Vitambaa vilianikwa kwenye mlingoti, chini kidogo ya bendera. Redio ya taifa ilitangaza kwamba wilaya hiyo imekuwa ya kwanza kusogeza huduma za uzazi karibu na uongozi, na Mheshimiwa Buheri alipelekewa salamu za pongezi, ambazo alizisoma akiwa amesimama, kwani kiti chake kilikuwa na mtu.

Kiti ndicho kilichomshinda. Kilikuwa kiti cha ngozi, kirefu mgongo, chenye magurudumu, na Siwema alikiona kinafaa kwa kumsukumia mama aliyechoka. Mheshimiwa alivumilia kelele, akavumilia harufu ya dawa. Lakini siku alipokiona kiti chake kikipita ukumbini na mwanamke mwenye mapacha, alichukua ufunguo kutoka kwenye mtoto wa meza, akatoka.

Alikwenda moja kwa moja zahanati ya Kichakani. Alizunguka nyuma, akafungua kufuli, akaingia. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Akaweka mafaili yake juu ya kitanda cha nailoni, akafanya ofisi.

Lugome, mbele, alisikia mlango wa nyuma. Aliutazama utepe. Utepe ulikuwa salama. Akaendelea na kazi.

*

Ofisi yenye popo haimfai kiongozi. Baada ya siku si nyingi Mheshimiwa Buheri alikwenda mahakamani kwa miguu yake, akiomba Jaji awaamuru wanawake watoke katika ofisi yake. Bi Zamaradi aliitwa. Alikuja na ukili wake, akaketi. Mwanahawa aliketi nyuma yake akinyonyesha.

Jaji Kiondo alivua miwani. "Wanawake hawa waliingia kwa nguvu?"

"Hawakuingia kwa nguvu," alisema Wakili wa Serikali, ambaye joho lake lilikuwa na doa lisilotoka.

"Waliomba?"

"Waliomba."

"Mkuu wa Wilaya aliwakatalia?"

Wakili alikohoa. Jaji alimgeukia Mheshimiwa Buheri mwenyewe. "Mheshimiwa, uliwakatalia?"

"Niliwapa chai," alisema Mheshimiwa Buheri kwa sauti ndogo.

"Mtu aliyewapa watu chai amewakatalia nini? Kama ulipokea ombi lao kwa mikono miwili, ofisi ni yao. Huwezi kuja hapa kunung'unika kwamba mwananchi amepokea ulichompa."

"Lakini, Mheshimiwa Jaji, moyoni…"

"Mahakama haina macho ya moyoni. Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Wanawake hawa walipokuja kuomba huduma ambayo sheria inakutaka uwape, ulikubali au ulikataa? Ukisema ulikubali, nenda nyumbani. Ukisema ulikataa, nitakusikiliza."

Mheshimiwa Buheri alitazama dari. Alikumbuka kiti chake, mgongo wake mrefu, magurudumu yake. Alikumbuka popo. Jasho lilimtoka hadi kwenye soksi. Kisha, kwa sauti ambayo watu wa Subirini bado wanasimuliana, alipasuka:

"Nilikataa! Hapana! Tangu siku ya kwanza nilikuwa nasema hapana! Zahanati hapana, ofisi hapana, yule mama hapana! Kila kikombe cha chai kilikuwa hapana!"

Karani aliangusha kalamu. Mzee mmoja nyuma alijifunika masikio. Mtoto Tunu aliacha kunyonya, akageuka kumtazama.

Bi Zamaradi aliweka ukili chini, akasimama polepole.

"Mheshimiwa Jaji," alisema, "uliniambia nikishakataliwa nirudi. Nimekataliwa."

Jaji Kiondo alitafuta pa kutokea, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakupaona. Wajibu upo, Wakili hakubisha. Ombi lilifanywa, hakubisha. Na sasa kukataa kumetamkwa, mbele ya mahakama, na wote wamesikia. Akaamuru: Mkuu wa Wilaya aifungue zahanati ya Kichakani kabla jua halijazama, ili wanawake wapate pa kwenda na yeye apate kiti chake.

"Na utepe?" aliuliza Siwema kutoka nyuma.

"Utepe," alisema Jaji, akivaa miwani, na ilionekana kwamba ameanza kupumua, "ni suala la sera. Mahakama haiingilii sera."

*

Zahanati ilifunguliwa jioni ileile. Mheshimiwa Buheri aliinama akapita chini ya utepe, akafungua kufuli, akatoka tena akiwa ameinama. Kesho yake alifukuzwa kazi. Si kwa kuifunga zahanati. Hakuna sheria ya kumfukuza mtu kwa hilo. Alifukuzwa kwa kutamka neno la aibu hadharani, na Chuo cha Majibu kilifuta jina lake ukutani. Mahali pake aliletwa kijana mwenye tabasamu pana, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kununua biskuti.

Utepe upo hadi leo. Ni wa nne au wa tano, na Lugome bado anaulinda vizuri. Wajawazito huinama wakapita chini yake, Siwema huinama na ndoo zake, Bi Zamaradi huinama akileta mikeka ya wagonjwa, huku akiguna na kushika kiuno. Mpiga picha wa serikali alikuja siku moja, akawapiga picha wakiwa katika hali hiyo, na gazeti la taifa likaitoa ukurasa wa mbele: wananchi wa Kichakani wakiinama kwa heshima mbele ya utepe wa Mtukufu Kiongozi.

Ukiitazama picha ile kwa makini utamwona pia Tunu, aliyekuwa ameanza kutembea. Anapita chini ya utepe wima, kichwa juu, bila kuinamia kitu.